Nguvu za Ruta na Walioshika Funguo Zake

Kila anayeniletea ruta pale Kariakoo akitaka nimflashie huja na swali moja: nikiitoa famwea ya kiwandani, yaani programu inayoiendesha, nikaweka ya huria kama OpenWrt au DD-WRT, ruta itafanya kazi kwa nguvu zake zote? Simjibu ndiyo wala hapana mpaka niigeuze na kusoma karatasi iliyobandikwa chini. Ile v2 au v5 inayofuata jina la modeli ndiyo yenye jibu. Nyuma ya alama hiyo kuna zaidi ya miaka 20 ya mvutano baina ya wanaouza chipu, wanaouza ruta na wanaozinunua, na vijana wanaoingia kwenye ufundi huu leo wameipata historia hiyo nusunusu.

Ilianza na kiboksi cha plastiki, bluu kwa mbele na cheusi kwa nyuma, chenye antena mbili za kukunja. Ni Linksys WRT54G, iliyoingia sokoni Marekani Desemba 2002. Linksys ilikuwa na makao yake Irvine, California, na Machi 2003 Cisco ikatangaza kuinunua kwa hisa zenye thamani ya dola milioni 500 hivi. Ruta ya toleo la kwanza ilikuwa na chipu ya Broadcom ya MHz 125, kumbukumbu ya kazi MB 16 na ya kudumu MB 4. Toleo la pili lilipandishwa hadi MHz 200.

Juni 2003 Andrew Miklas aliwaandikia watengenezaji wa Linux kuwaeleza alichokiona: famwea ya WRT54G imejengwa kwa Linux, na mwenye kuiuza hajatoa msimbo wa chanzo kama leseni ya GPL inavyomtaka. Linksys haikuwa imeiandika famwea ile kwa mkono wake. Ilipitia kwa Broadcom na CyberTAN ya Taiwan, ikafika Irvine ikiwa imekamilika. Baada ya kelele za kutosha msimbo ulitolewa mwaka huohuo. Kwa bei ya ruta ya nyumbani, mtu wa kawaida akawa na kompyuta ndogo ya Linux yenye redio ya wifi, pamoja na maelezo ya jinsi ilivyoundwa.

Lakini msimbo ule ulikuwa na pengo moja, nami naliona kuwa ndio mzizi wa kila kilichofuata. Draiva ya wifi haikuwemo. Broadcom waliitoa kama faili lililokwisha kutafsiriwa kwa lugha ya mashine, lisilosomeka wala kubadilishika, na lililotengenezwa kwa ajili ya Linux 2.4 tu. OpenWrt ilipoanza Januari 2004 ililazimika kubaki kwenye Linux hiyo ya zamani kwa ruta za Broadcom, miaka mingi baada ya dunia kuhamia 2.6, kwa sababu ukihama unaipoteza wifi. Wapo waliokaa wakaichunguza chipu toka nje, wakiangalia draiva iliyofungwa inaiambia nini, hadi wakaandika draiva yao iliyokuja kuitwa b43. Ilifanya kazi, ila kwa muda mrefu haikufikia kasi wala uthabiti wa ile iliyofungwa.

Kwingineko kwenye bodi, nguvu zilizolala zilikuwa tele. WRT54G unaifungua bila bisibisi: unaweka vidole gumba kwenye miguu ya mbele, unasukuma, uso wa bluu unaachia. Ndani, kwenye toleo la pili na yaliyofuata, utakuta matundu yote matano ya nyuma, manne ya kompyuta na moja la intaneti, yamefungwa kwenye swichi ileile. Aliyelitenga tundu la intaneti na mengine ni famwea, kwa namba za VLAN. Ukiandika namba nyingine unapata mitandao mitano iliyotengana ndani ya kiboksi kimoja, jambo ambalo kwenye maduka ya vifaa vya ofisi lililipiwa fedha nyingi. Pana nafasi za kuchomelea waya za milango miwili ya siriali. Pana nyaya za taa ambazo watu walizichomelea kadi ya SD, ruta ikapata ghala la MB mamia badala ya 4. Na kuna kundi moja la toleo la pili, lenye alama ya XH, lililotoka kiwandani na MB 32 za kumbukumbu ya kazi likiwa limefungwa lione MB 16 tu. Kuifungua nusu ya pili ilitosha kubadilisha vigezo vichache vya kuwashia.

Kuingia ndani nako kulikuwa na njia yake. Ruta ilikuwa na ukurasa wa kupima mawasiliano: unaandika anwani, nayo inaigonga kuona kama inajibu. Sehemu ya kuandikia haikukagua ilichopewa, ilikipeleka moja kwa moja kwa Linux. Ukiandika amri mahali pa anwani, amri inatekelezwa. Kwa mlango huo watu waliwasha kigezo cha boot_wait, kinachoifanya ruta isubiri sekunde chache kila inapowaka, isikilize kama kuna mtu kwenye waya anataka kuipa famwea mpya. Kigezo hicho kikishawaka, hata ukiivuruga una pa kurudia.

Hapo ndipo zilipozaliwa famwea tunazozitaja hadi leo. Sveasoft ilitangulia, na kutokana na kazi yake Sebastian Gottschall wa Ujerumani akaijenga DD-WRT. Jonathan Zarate akatoa Tomato mwaka 2006. Berlin, watu wa Freifunk walitengeneza yao ya kuunganisha paa kwa paa, mtaa mzima ukagawana intaneti bila kampuni katikati. Mwaka huo wa 2006 kilitoka pia kitabu cha bure kuhusu kujenga mitandao ya redio katika nchi zinazoendelea, kikiitaja WRT54G kama kifaa cha kuanzia. Huku kwetu wengi tulikisoma, kwa sababu kilizungumzia minara ya mabomba na umeme wa kukatika kama tunavyoujua.

Nguvu zile nilizishuhudia kwenye mgahawa wa intaneti Magomeni, kabla nyaya za baharini hazijafika. Mkongo wa SEACOM ulianza kazi Julai 2009. Kabla ya hapo tulitegemea dishi la setilaiti: ukiuliza kitu, jibu hurudi baada ya zaidi ya nusu sekunde hata kama mstari uko mtupu, na upana wenyewe ni wa kilobiti zinazogawanwa na kompyuta zote chumbani.

"Fundi, neti imelala tena," mwenye mgahawa angepiga simu. "Wateja wananidai hela zao."

"Kuna mtu anashusha muziki, mama. Nakuja."

Famwea ya kiwandani isingeniambia ni nani. Nilipoweka Tomato kwenye WRT54GL, ndugu wa WRT54G, nilifungua ukurasa wa QoS, wa kupanga vipaumbele, nikaona kila muunganisho, umetoka kompyuta ipi, umewekwa daraja gani. Nikaipa barua pepe na kurasa za kawaida daraja la juu, nikashusha upakuaji chini kabisa na kuuwekea kikomo. Kompyuta ya pembeni iliendelea kushusha nyimbo zake taratibu, na mwanafunzi wa jirani akajaza fomu yake ya chuo bila ukurasa kumkatikia. Dishi lilikuwa lilelile, chipu ya MHz 200 ileile. Kabla ya hapo sehemu kubwa ya prosesa ilikuwa imekaa bure.

Kwa ruta za kizazi hicho jibu la swali letu ni rahisi: famwea mbadala ilizitumia kuliko kiwanda. Ila "nguvu zote" ilikuwa na mtego hata hapo. DD-WRT ilikuruhusu kupandisha nguvu ya redio hadi milliwati 251, na kila kijana aliyeiona namba hiyo aliipeleka mwisho. Kikuza mawimbi cha WRT54G hakikuundwa kwa kiwango hicho. Ukikisukuma sana, mawimbi yanatoka yamepinda, kelele inaongezeka, na mteja aliye mbali anapata kasi ndogo kuliko awali. Isitoshe simu au kompyuta yake haikuongezewa nguvu. Anakusikia, wewe humsikii. Aliyetaka kufika mbali alitafuta antena nzuri na kuipandisha juu ya bati.

Mwishoni mwa 2005 Linksys ilitoa toleo la tano. Kwa nje ni kiboksi kilekile cha bluu, bei ileile. Kwa ndani waliondoa Linux wakaweka VxWorks, mfumo unaotosheka na nafasi ndogo, wakapunguza kumbukumbu ya kazi hadi MB 8 na ya kudumu hadi MB 2. Waliookoa gharama walikuwa wao. Kwa wale waliotaka Linux wakatoa WRT54GL, yenye MB 16 na MB 4 kama zamani, kwa bei ya juu zaidi. Yaani kile ulichokuwa ukikipata kwa kawaida sasa kilikuwa na jina lake na malipo yake. DD-WRT walifaulu mwaka 2006 kubana famwea yao hadi ikaingia kwenye MB 2, ikiwa imevuliwa mengi. Nawaheshimu kwa kazi ile, lakini ruta yenyewe ilikuwa imekatwa miguu kiwandani, na hakuna msimbo unaoongeza kumbukumbu.

Baadaye mezani kwangu zikajaa TP-Link za bei nafuu zenye chipu za Atheros. TL-MR3420 ilipendwa sana kwa ajili ya tundu lake la USB: unachomeka modemu ya 3G ya Huawei au ZTE, nyumba nzima inapata neti. Famwea ya kiwandani ilikuwa na orodha ya modemu inazozitambua, na modemu mpya ya dukani mara nyingi haikuwemo. OpenWrt iliweza kuzitambua karibu zote, kwa sababu ina kiprogramu cha kuigeuza modemu kutoka hali ya kujifanya diski hadi hali ya modemu. Shida ilikuwa MB 4 za kumbukumbu ya kudumu. Ukiweka vifurushi vya modemu, ukurasa wa mipangilio haupati nafasi. Ukiweka ukurasa, modemu haina draiva. Nilijenga famwea zangu mwenyewe, nikitoa kimoja ili kiingie kingine, na wateja wengi waliondoka na ruta ambayo haifunguki kwa kivinjari ila inafanya kazi usiku na mchana. Toleo la 19.07 lilikuwa la mwisho la OpenWrt kwa ruta zenye MB 4 za kudumu na MB 32 za kazi.

Chipu zile za Atheros zilikuja na jambo ambalo Broadcom hawakulitoa. Mwaka 2008 Atheros walitoa draiva ya ath9k, msimbo wote wazi, bila faili la siri linalopakiwa ndani ya chipu. Kilichotokea baadaye nakiona kuwa ushahidi mkubwa kuliko wote. Toke Høiland-Jørgensen wa Chuo Kikuu cha Karlstad, Sweden, na wenzake walishughulikia tatizo la siku nyingi la wifi: kifaa kimoja kilicho mbali, chenye mawasiliano dhaifu, hutumia muda mwingi wa hewani kutuma kidogo, na kuwavuta waliokaa jirani na ruta washuke hadi kasi yake. Kwa kuwa ath9k ilikuwa wazi, waliandika upya jinsi foleni zinavyopangwa na kugawa muda wa hewani kwa haki. Waliichapisha kazi hiyo mwaka 2017. Chipu ya zamani, ya bei ya chini, ikafanya jambo ambalo walioiunda hawakuwa wameliweka.

Upande wa waya mambo yalikwenda kinyume. Intaneti za nyumbani Ulaya na Marekani zilipovuka megabiti 100 na kuelekea gigabiti, prosesa ndogo za ruta zilishindwa kuishughulikia kila pakiti: kuisoma, kubadili anwani yake, kuipitisha kwenye sheria za usalama, kuisukuma upande wa pili. Watengeneza chipu wakaweka njia ya mkato. Pakiti za kwanza za muunganisho zinapita njia ya kawaida ya Linux. Muunganisho ukishajulikana, zinazofuata zinahamia njia iliyotengwa, kama basi la mwendokasi linavyoipita foleni ya Magomeni bila kusimama na daladala. Kwa Broadcom njia hiyo iliitwa CTF, moduli iliyofungwa, na kwenye chipu za baadaye ikaongezewa vifaa maalumu ndani ya silikoni. OpenWrt haikuwa na haki wala maelezo ya kuitumia. Mtu akanunua ruta ya gigabiti, akaweka OpenWrt, akapima, akakuta kasi imeshuka hadi sehemu ndogo ya ile ya kiwandani. Ruta haikuwa mbovu na msimbo haukuwa mbaya. Sehemu ya chipu ilikuwa imelala na funguo ziko kwa mwingine.

Ndiyo maana Asuswrt-Merlin ya Eric Sauvageau wa Kanada ilipata watu wengi. Yeye aliichukua famwea ya ASUS yenyewe, ambayo nayo chimbuko lake ni Tomato, akairekebisha huku akiziacha moduli za Broadcom mahali pake. Unapata kasi yote ya waya. Uhuru unaoupata unaishia pale ambapo moduli zile zinaanzia.

Lakini kasi ya kipimo si kazi yote ya ruta. Mwaka 2010 Jim Gettys, mmoja wa waliotengeneza X Window, alikuwa akinakili mafaili nyumbani kwake akaona mtandao mzima unagoma. Alipochimba aligundua modemu na ruta zimejazwa maghala makubwa mno ya kusubirishia pakiti: foleni inakuwa ndefu hadi kubonyeza ukurasa kunachukua sekunde nzima au zaidi. Mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson walitoa CoDel, kanuni ya kuzizuia foleni hizo zisikae. Eric Dumazet aliiunganisha na mgawo wa haki baina ya miunganisho ikawa fq_codel ndani ya Linux. Dave Täht aliijaribu kwenye famwea aliyoiita CeroWrt, kwenye ruta za Netgear za Atheros, na kutoka huko ikaingia OpenWrt ambako sasa ni ya kawaida.

Sasa tazama mgongano ulivyo. Ili kuipanga foleni ya intaneti, prosesa lazima ione kila pakiti. Askari aliyesimama kwenye makutano hana amri juu ya basi lililoshika njia ya mwendokasi. Ukiwasha njia ya mkato, foleni haipangwi. Ukiwasha upangaji, njia ya mkato inazimwa, na hata famwea ya ASUS yenyewe huizima ukichagua QoS ya kawaida. Hakuna famwea, ya kiwanda wala mbadala, inayoweza kukupa vyote viwili kwenye ruta ya aina hiyo. Mwenye faiba ya gigabiti anapoteza kweli. Mteja wangu wa Sinza mwenye megabiti 20, watoto wanaangalia video sebuleni na baba yuko kwenye mkutano wa kazi chumbani, hapotezi chochote: prosesa ndogo inatosha kabisa kuzipanga megabiti 20, na mkutano hauruki. Kwake naweka OpenWrt bila kusita. Majedwali ya kasi yanayoandikwa na watu wa mistari mikubwa yamewakatisha tamaa bure wengi wa huku.

Palikuwa na wakati nilidhani mlango utafungwa kabisa. Mwaka 2015 kanuni za Marekani za redio za GHz 5 ziliwatia watengenezaji hofu, na TP-Link wakaanza kuzifunga ruta zao zisipokee famwea ya mtu mwingine. Agosti 2016 kampuni hiyo ilikubaliana na FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, kulipa dola 200,000 kwa kosa la mipangilio ya nguvu za redio, na katika makubaliano hayohayo ikaahidi kushirikiana na watengeneza famwea huria.

Aliyelainisha mambo zaidi ni MediaTek. Mwaka 2018, kwa toleo la 18.06, OpenWrt ilianza kuitumia njia ya mkato ya maunzi ya chipu ya MT7621, kwa msimbo ulio wazi, na baadaye kazi hiyo ikaingia kwenye Linux yenyewe. Felix Fietkau aliandika sehemu kubwa ya hayo pamoja na draiva ya wifi ya mt76. Mwishoni mwa 2024 mradi wa OpenWrt ukatoa ruta yake wenyewe, OpenWrt One, iliyotengenezwa na Banana Pi: chipu ya MediaTek, GB 1 ya kumbukumbu ya kazi, na kumbukumbu mbili za kudumu zilizotengana ili ukiiharibu moja uiamshe kwa nyingine. Njia ya mkato ya waya humo inaendeshwa na msimbo ambao mtu yeyote anaweza kuusoma. Redio bado. Kila inapowaka, draiva huria ya mt76 inapakia ndani ya chipu faili la MediaTek lisilosomeka, na sehemu kubwa ya uamuzi wa nani anatuma lini hewani hufanyika humo, mahali ambapo kazi ya Karlstad haiwezi kufika kama ilivyofika kwenye ath9k.